Sasa Mwenye Kinyaa Ni Mimi

Mama,

Ukiniuliza hali, mimi ni mzima. Nakula, nalala, kibanda changu cha ushonaji pale Tandika nimekifungua tena, na mteja wa kwanza alikuwa yule mwalimu anayenilalamikiaga vifungo kila mwaka. Chumba chako nimekipaka rangi na dirisha liko wazi kutwa. Kwa hiyo upande huo usihangaike. Ila nina kinyaa, Mama. Nina kinyaa na watu, na watu wenyewe ni wa kwetu. Nakuandikia wewe kwa sababu nikilisema neno hili kwa mwingine yeyote wa ukoo ataniuliza mimba ya nani.

Unakumbuka neno lenyewe lilivyokuwa kwetu. Kwa mdogo wako, Mama Mdogo Hadija, kinyaa kilikuwa cheo. Hali nyama ya kichwa, ana kinyaa. Hanywi kwa kikombe cha mtu, ana kinyaa. Binti zake walipokuwa wadogo wakiharisha, jirani ndiye aliyeitwa aje awasafishe. Wewe ulikuwa unamcheka, unamwambia, "Hadija, wewe utayaonea kinyaa mpaka mate yako." Naye anacheka na kujifunika mtandio, kama mtu aliyesifiwa.

Basi ulipoanguka uani, upande wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito, tukakaa nawe hospitali mpaka wakasema turudi nyumbani. Daktari aliyeturuhusu alisema tukugeuze mara kwa mara, tukufanyishe mazoezi, tusikupe vitu vigumu. Alisema hivyo akiwa anamwangalia mgonjwa anayefuata. Tukugeuze vipi, na nani, na mimi ninakuzidi nini hata nikuinue peke yangu, hayo hayakuwa yake.

Ukoo ukakaa kikao sebuleni kwetu, wewe ukiwa chumbani unasikia kila neno. Kaka Shabani, mwanao mkubwa, alikuja kutoka Kinyerezi akakaa kiti cha mwenyekiti. Wakasema bahati nzuri Zuhura hajaolewa. Miaka yote kutoolewa kwangu kulikuwa msiba wa ukoo, siku ile kukageuka bahati nzuri. Mama Mdogo akafuta machozi akasema, "Ningekaa naye mie, dada yangu tumbo moja. Lakini nyie mnanijua, nina kinyaa." Wote wakatikisa vichwa kwa huruma, kama ametaja ugonjwa wenye cheti cha daktari. Wakala ubwabwa, wakaniombea dua, wakaondoka. Vyombo nikaosha mimi.

Msaada waliotoa ulikuwa wa mdomo, na huo ulikuwa mwingi mno. Kwenye simu, kwenye lile kundi la ukoo, kila asubuhi nilikuta dawa mpya. Habasoda kwa asali. Kitunguu saumu kinyweshwe kabla ya jua. Mafuta ya mbuni, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona huyo mbuni. Binamu mmoja akaleta mtu kutoka Mkuranga akasema una jini la baharini lililokasirishwa na sabuni, akataka nisikuoshe kwa sabuni mpaka lipoe. Nilimtoa na kikapu chake, Mama, na ukoo ukasema nina kiburi. Nilipoandika kwenye kundi lile lile kwamba naomba mtu mmoja tu aje siku ya Jumanne anisaidie kukugeuza nikafue mashuka, walinijibu kwa vidole gumba, mikono ya dua, na neno thawabu. Thawabu, thawabu. Hakuna aliyeuliza Jumanne saa ngapi.

Kisha harufu ikaanza.

Hapa ndipo ninapotaka kulia na kutapika kwa pamoja, kwa hiyo nivumilie. Harufu ilipoanza chumbani kwako sote tulisingizia machinjio. Mkaazi wa Vingunguti anajua: upepo ukigeuka unakula chakula chako pamoja na damu ya ng'ombe wa watu. Mimi nimezaliwa hapa, pua yangu iliacha kuuliza zamani. Nikafunga dirisha, nikachoma udi. Wageni wakija wanasogeza viti mlangoni na kusema, "Vingunguti yenu hii, mnaishije?" Mama Mdogo alikuja mara moja, akasimama kizingitini na mtandio puani, akakupa pole kutoka pale pale, akaondoka akiyalaani machinjio. Na wewe ulikuwa unaoza mgongo. Nalisema kama lilivyo. Ulikuwa unaoza mgongo, umelala juu ya kidonda, ulimi mzito usioweza kueleza, na sisi wote tunamlaumu ng'ombe.

Aliyetambua ni Mama Skola wa nyumba ya pili. Ukoo wetu humwita hivyo hivyo, "yule Mmakonde wa mihogo," lakini wewe ulimjua kwa sahani. Kila Ramadhani ulimpelekea futari, na yeye hakuwahi kuirudisha sahani tupu. Alikuja siku hiyo kuomba aunganishe mpira wa maji, akafika mlangoni kwako akasimama. Alinusa. Akaniambia, "Zuhura, upepo wa leo unatoka kwetu unaenda machinjioni. Harufu hii ni ya humu ndani. Mie naijua, baba Skola alikuwaga nayo." Kisha akapiga magoti kitandani kwako akasema maneno ambayo hakuna ndugu, daktari wala mganga aliyewahi kukwambia tangu uanguke. "Mama Shabani, niruhusu nikuguse."

Ulimruhusu kwa macho. Akakugeuza kwa kuvuta shuka, si kwa kukuvuta wewe, na tukakiona: chini ya kiuno, juu ya mfupa, katikati cheusi. Nilianza kulia. Yeye hakuziba pua wala hakunilaumu. Alisema kidonda cha kulalia hakitaki udi, kinataka mtu akulaze ubavu, akupe mto katikati ya magoti, akuweke mkavu, na kinataka muuguzi mara moja. Mumewe alikaa kitandani muda mrefu kabla hajafa. Alijifunza kwa kukosea, akaniambia, na hapendi mwingine akosee vile vile.

Kesho yake akafunga biashara yake ya mihogo ya kukaanga akanipeleka kwenye zahanati. Nikuambie kinyaa kingine? Kumbe yupo muuguzi anayezunguka majumbani kwa wagonjwa wa kitandani. Yupo miaka yote. Ofisi yake iko nyuma ya chumba cha chanjo, mlango wake hauna hata maandishi, na tangu hospitali kubwa mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa hakuna kiumbe aliyefungua mdomo kutuambia. Nilimwuliza yule dada muuguzi kwa nini hawatangazi. Akasema wakitangaza watakuja wengi.

Lakini alikuja, na kidonda akakishughulikia, na ulimpenda kwa sababu alikuwa anakutania kuhusu nywele zako. Ndiye aliyenielekeza kwenye kile kikundi cha Jumamosi, chini ya mabati ya zahanati, cha watu wanaouguza. Sikukueleza vizuri kilikuwa nini. Nilikwambia tu naenda kwenye mafunzo, Mama Skola atakaa nawe, na wewe ukatabasamu kwa ule upande mmoja.

Tulikuwa watu wa kila namna. Bodaboda mmoja anayemuuguza mkewe, bibi mwenye mjukuu asiyetembea, dada mwenye baba aliyesahau kila jina isipokuwa la mbuzi wake. Tulifundishana kwa kulala sisi wenyewe kwenye benchi, mmoja mgonjwa, mwingine mwuguzaji. Siku ya zamu yangu kuwa mgonjwa, yule bodaboda alinishika kwapani akanivuta, na bega likaniuma mpaka jioni. Nikajua ulikuwa unakunja uso kwa nini. Tulifundishwa kwamba mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuvaa na ndio wa mwisho kuvua. Kwamba uji uwe mzito kidogo, mgonjwa awe amekaa, na usubiri ameze. Mambo madogo hivyo, Mama, na ulikuwa unapaliwa kila siku kwa kuyakosa.

Mwisho wa kikao muuguzi alituzungukia mmoja mmoja akauliza, "Na wewe mwenyewe je?" Ilipofika zamu yangu nilitaka kusema alhamdulillahi. Nikasema nimechoka. Hakuna aliyetaja thawabu. Yule bibi alinisogezea kikombe chake cha uji, tukaendelea.

Kutoka hapo ndipo nikapata akili ya kufumua madera yako. Nilipasua mgongo wote, nikaweka tepe za kufunga ubavuni, ili nisikuzungushe mkono mgonjwa kila asubuhi. Ulipovaa la kwanza, la maua ya njano, ulijitazama ukaniambia kwa ulimi ule, "Nyuma uchi, mbele harusi." Tulicheka mimi na wewe na Mama Skola mpaka maji ya mpira yakafurika uani. Sasa wanakikundi wananiletea madera ya mama zao niyapasue. Ndiyo kazi yangu kubwa pale kibandani, kuliko sare za shule.

Kidonda kilifunga. Polepole, kikaacha kovu laini. Siku moja ulimwangalia Mama Skola anakupaka mafuta mgongoni ukaniambia, "Nikifa, anioshe huyu." Yeye akacheka akasema, "Mama Shabani, masheikh wenu watanifukuza na bakora." Nami nikacheka. Nilijua haiwezekani, na nilijua wewe unajua.

Ulipofariki asubuhi ile, baada ya vijiko viwili vya uji, niliona maajabu. Kabla ya adhuhuri uwanja ulikuwa na turubai, viti, masufuria, na mikono. Mikono, Mama! Ya kuchota maji, ya kukata vitunguu, ya kuchimba ufuo wa kuoshea maiti. Vijana wa Kaka Shabani ambao hawakuwahi kukuinulia hata mto walikuwa wanashindana kushika jembe. Mtu akifa kwetu hakosi ndugu.

Mama Mdogo Hadija alifika akilia tangu barabarani. Akavua baibui, akakunja mikono ya gauni, akasema dada yake atamkosha mwenyewe, asije akadaiwa huko mbele. Nilimtazama vidole vyake. Nikajiuliza kile kinyaa amekiacha kwenye gari gani. Alikuwa anakimbilia mwili uliokwisha kusafishwa na wengine, usioharisha, usiotapika, na usioweza kumwambia kitu.

Mama Skola alikuja na ndoo yake mkononi, kwa mazoea tu, kama asubuhi nyingine. Mama Mdogo akamzuia penye pazia. "Wewe mama hapa ndiyo mwisho. Hii ni ibada, ina wenyewe." Kwa dini hakukosea, sibishi. Kilichonitia kinyaa ni mdomo uliosema. Mama Skola akaitua ndoo, akasema sawa dada, akaenda kumenya vitunguu saumu na wapishi. Ndoo ile ile ndiyo tuliyokukoshea.

Ndani niliingia mimi pia. Mama Mdogo alipokugeuza, mkono wake ukapita kwenye kovu hajui ni nini. Akawaambia wenzake, "Tazameni mgongo huu. Kalala muda wote ule, hana kidonda. Hii ni dalili ya mtu wa kheri." Wanawake wakasema mashallah. Alipotoka akarudia kule kwenye mikeka, na habari ikazunguka msiba mzima kwamba Mungu alikulinda. Nami pale ndani nilikuwa nimeshika kafuri ya kukupaka, mita chache kutoka kwa mwanamke aliyekulinda, anamenya vitunguu. Sikusema. Ingekuwa siku nyingine ningesema, lakini maji yalikuwa yanapoa na wewe ulikuwa unangoja.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya arobaini yako, maana ndicho kilichonifanya nikae niandike.

Mama Mdogo Hadija ameanguka. Presha ile ile ya kwenu. Kwake ni upande wa kushoto, ulimi una nafuu kuliko wako. Wameshamrudisha nyumbani kwake Segerea, na ukoo ukakaa kikao tena, safari hii kwa Kaka Shabani. Nilikwenda nikijua. Nilipita getini, watu wote wakanisogezea kiti kizuri, na mimi si mtu wa kusogezewa kiti kizuri katika nyumba ile.

Kaka Shabani hakuzunguka. "Zuhura, wewe umeshazoea." Baba Mkubwa, mzee wa ukoo, akadakia kwamba mkono wangu una baraka, ndiyo maana wewe hukupata kidonda. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, umeshazoea, umeshazoea, utafikiri mtu anazoea mavi kama anavyozoea chai. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikauliza, na Rehema? Rehema ni binti mkubwa wa Mama Mdogo, yupo pale pale nyumbani kwake, kazi yake ni kuuza mitandio kwenye simu. Akainamisha macho akasema, "Dada Zu, mie nimerithi kwa mama. Nina kinyaa."

Nilicheka, Mama. Nilicheka peke yangu katika kikao cha wazee, mpaka Baba Mkubwa akagonga fimbo.

Kisha wakatoa silaha yao. Kwamba mama mdogo ni mama. Kwamba wewe ukiwa hupo, radhi zako ziko kwake, na nikimwacha akaoza nitazikosa. Hapo sikucheka tena. Wewe unajua ninavyoziogopa radhi. Niliwaona wamejua pa kunishika, na nikaona kibanda changu kimefungwa tena, mashine imefunikwa shuka, mimi nimekuwa mali ya ukoo ya kuazimana kila anayeanguka, mpaka nianguke mwenyewe na asiwepo wa kunigeuza. Nikawaambia nitakwenda Segerea kumfundisha Rehema. Kukaa sikai. Kaka Shabani akasema nitajutia neno hilo. Tukaachana hivyo.

Nilimwomba Mama Skola tufuatane. Sikuwa na haki ya kumwomba, na nilimwambia anaweza kukataa. Alimaliza mihogo iliyokuwa karaini, akanawa, tukaenda.

Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha, udi unawaka. Nikajua kabla sijaona. Mama Mdogo alipomwona aliyenifuata aligeuza uso ukutani. Mama Skola akapiga magoti kama alivyopiga kwako. "Shikamoo dada. Naomba nikuguse." Mama Mdogo akaitikia marahaba akiwa bado anatazama ukuta, akaacha aguswe.

Rehema alikuwa kizingitini, mtandio puani. Nikamwita, akasema hawezi. Nikamwambia, "Hata mie ninacho. Njoo nacho hivyo hivyo."

Alikuja. Alitoka akatapika uani, akarudi. Tulimwonyesha kuvuta shuka, kumlaza ubavu, kumkausha. Mgongoni palikuwa pameanza wekundu, bado hapajafunguka, tumewahi. Mama Skola alimshika Rehema mkono akauweka pale, auone kwa kiganja. Nikamvalisha Mama Mdogo dera nililolipasua, nikamwacha Rehema afunge tepe mwenyewe. Alilia muda wote lakini alifunga. Nikamwelekeza pia alipo muuguzi wa kwao, maana nilimtafuta kwanza, na yeye pia yupo nyuma ya mlango usio na maandishi.

Nilipoaga, Mama Mdogo alinishika khanga kwa mkono wake mzima. Akasema, "Zuhura, kaa."

Mama, ilikuwa sauti yako. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mlikuwa na sauti moja. Yeye alipokuwa mzima aliibana kwa maringo, sasa maringo yameondoka imebaki ya kwenu. Kaa, vile vile ulivyokuwa ukiniambia nikiinuka kutoka chumbani kwako.

Nilimfungua vidole kimoja kimoja, nikaviweka kwenye kiganja cha Rehema, nikatoka. Aliendelea kuniita mpaka nikafika barabarani. Mama Skola alitembea mbele yangu bila kugeuka, na nilimshukuru kwa hilo.

Kama nimekosa, unajua wewe. Mimi ninavyoamini, radhi zako ulinipa ukiwa hai, kila ulipolala ubavu bila kukunja uso, na hakuna wa kuzihamishia Segerea. Kwenye kundi la ukoo wameshaandika kwamba nina roho mbaya. Nimesoma, nikaweka simu chini, nikaendelea kushona.

Kinyaa changu hakijaisha, Mama, na sijawasamehe, wala sitajifanya nimesamehe kwa sababu nakuandikia wewe. Lala. Jumamosi nitakwenda tena, na Jumamosi nyingine, nitaangalia alivyogeuzwa na kisha nitarudi kwangu. Mgongo wa mdogo wako hautaoza. Lakini atakayeuosha ni mwanawe.

Mimi mwanao,
Zuhura